Mwamba wa Kuanikia Muhogo

Njia ya kutoka Lituhi kwenda mwambani haimchoshi mtu. Unaliacha ziwa mgongoni, unafuata kijito ambacho kiangazi hubaki mchanga mtupu, na muda si mrefu kingo zinaanza kuonyesha udongo wa kijivu uliogeuka jiwe. Ndani yake yamekwama mawe ya kila aina, makubwa kwa madogo, kama karanga kwenye kashata. Katika kitabu cha jiolojia nilichonunua mnadani Mbinga nilikuwa nimesoma kwamba maji hupanga mawe kwa ukubwa. Barafu haipangi. Hubeba yote na kuyaacha pale inapoyeyukia. Basi hapa, kwenye joto hili, palikuwa na barafu kabla ya ziwa lenyewe kuwapo.

Nilimweleza hayo dada yangu mkubwa, aliyetangulia na beseni la muhogo uliolowekwa kichwani.

"Barafu kabisa?" aliuliza bila kugeuka. "Na soda ya hapa tunakunywa moto kama chai!"

"Ilikuwa nene kama mlima, dada."

"Haya, mwalimu wa mawe. Tembea."

Mwamba tuliokuwa tunauendea ni bapa, na una mistari mirefu iliyonyooka, yote imeelekea upande mmoja. Barafu iliburuta mawe juu yake, ikauchora. Wanawake wa kijiji waliigawana mistari hiyo zamani: kila ukoo na nafasi yake kati ya mstari na mstari. Nafasi ya dada ilikuwa ya mama yetu, na kabla yake ya bibi. Hakuna aliyevuka. Kipande kikiangukia kwa jirani, unakiokota na kuomba radhi. Juu ya mwamba ule muhogo hukauka upesi, mweupe. Chini hujaa mchanga na kuota ukungu.

Tulisikia nyundo kabla hatujafika. Nusu ya mwamba ilikuwa imechomwa kwa magogo na kumwagiwa maji hadi ikapasuka, na vijana walikuwa wanaponda kokoto kando ya lori.

"Nani kawapa ruhusa?" nilimuuliza msimamizi wao.

"Mwenyekiti wa kijiji, mzee. Tajiri anajenga duka Mbinga. Siku hizi kila biashara ruksa, hamjasikia?"

"Na hawa wanaoanika?"

"Tumeambiwa ni jiwe tupu. Eneo halitumiki."

Alisema hivyo huku muhogo umetandazwa kwenye nusu iliyobaki, karibu kabisa na buti zake. Nilimwonyesha mistari, nikamweleza ilivyochorwa na barafu.

"Barafu?" Alicheka, akawageukia vijana. "Jamani, mzee anasema tunaponda barafu! Mbona mikono inatutoka malengelenge?"

Nafasi ya dada ilikuwa imekwenda. Alisimama na beseni lake, maji yakimchuruzika shingoni, akiwatazama wanawake wa upande uliobaki. Mmoja wao alikuwa amelala nyumbani kwetu siku zote za msiba wa mama.

"Usinitazame hivyo, mwenzangu," alisema yule mwanamke. "Huu mstari wangu. Nina watoto."

"Sijakuomba."

"Macho yako yanaomba."

Mwingine alisukuma muhogo wa jirani kwa mguu apate nafasi, akatukanwa, naye akatukana. Sikuwahi kusikia matusi pale. Msimamizi aliwasha sigara akaangalia, kama mtu aliyelipa kiingilio.

Nilikwenda kwa mwenyekiti siku hiyohiyo.

"Una hati ya mwamba, ndugu?" aliniuliza. "Huna. Sasa nikusaidie nini?"

Mtu huyu mama yake alianika pale. Muhogo wa pale ndio uliomkuza.

Dada alianika wake chini, juu ya mkeka, na ukaota ukungu. Hakuutupa, kwa kuwa hakuwa na mwingine. Aliutwanga, akasonga ugali, ukatoka mweusi, unanuka. Nilibaki nautazama. Alinisogezea bakuli la usipa, dagaa wa ziwani kwetu.

"Kula," alisema. "Na habari za barafu usinieleze tena."