Kidole Kwenye Uzi

Leo ukisikia muziki unatikisa harusi Rangwe au mkutano Homa Bay mjini, jua hizo spika ni zangu. Darasa la nane sikufika. Biashara hii yote nilianza kuijenga kichwani nikiwa na mikebe miwili ya mafuta ya kupikia, na hasira.

Ilikuwa miaka ya tisini, shuleni kwetu karibu na Kosele. Mwalimu wa sayansi alituambia tutengeneze simu: toboa mkebe chini, pitisha uzi, piga fundo, vuta mpaka ukaze. Wenzangu walileta katani imelegea kama kamba ya mbuzi. Mimi nilileta uzi wa nyavu kutoka kwa mjomba, mvuvi. Niliwashinda wote. Mwalimu akasema siku ya wazazi nitaongea na mama yangu kutoka ng'ambo ya uwanja. Mama akaja na kitambaa chake cha kanisa.

"Mama, mimi ndio mshindi," nikasema mkebeni.

Kimya. Mama akautikisa mkebe, akajaribu sikio lingine. Wazazi wakaanza kucheka. Mtoto wa mwenye duka, aliyewekwa katikati ainue uzi kwa kijiti usiguse nyasi, akapaza sauti: "Omera, ndugu yangu, simu yako imekula sarafu!"

Ndipo nikaona vidole vyake vimebana uzi. Uzi ukibanwa hautetemeki, na usipotetemeka sauti inafia hapo hapo. Mama aliurudisha mkebe kama mtu aliyeshika kitu kisicho chake. Hilo sikulisamehe.

Nikangoja. Siku moja wakati wa mapumziko, yeye na rafiki yake walivuta simu yao kupitia pengo la ua wa ojuok, ile minyaa yenye utomvu mweupe. Nikajificha nyuma ya ua, nikafunga uzi wangu katikati ya uzi wao, nikaukaza, nikamwita mwalimu. "Mwalimu, sikiza hapa."

Mkebe ukasema wazi, kwa sauti ya mtoto wa mwenye duka: "Huyu mwalimu akisikia ng'ombe wa matanga amechinjwa, kipindi kimeisha!"

Mwalimu hakupiga kelele. Aliushusha mkebe kutoka sikioni hadi mdomoni, akasema polepole, "Endelea, kijana. Nakusikia."

Mkebe wa yule mjinga ukaanguka huko. Alipoulizwa, akatoa yote, hata habari ya vidole. Mwalimu akaamua: jioni kijana huyo aende kwetu na simu yangu, amwombe mama yangu msamaha kupitia uzi ule ule.

Nikaukaza vizuri kutoka jikoni hadi zizini. Mama akaweka mkebe sikioni.

"Nisamehe, mama. Ni mimi nilibana uzi."

"Sisikii, baba," mama akajibu. "Sema kwa nguvu."

Akarudia. "Bado sisikii." Akarudia tena, sauti ikipasuka, mpaka majirani wakatoka majumbani na mabinti wa kisimani wakasimama na mitungi kichwani.

Nilikuwa nimesimama katikati, karibu na uzi, nikiuona unavyotetemeka. Mikono yangu ilikuwa mifukoni.