Bega Alilolijua Baba

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko ninavyopenda, mwanangu, na ni siku ambayo watu wengine walikuwa wakipiga vigelegele. Nimesikia kwa wazazi wako kwamba unajiandaa kwenda kwa fundi kupimwa suti ya harusi yako. Vizuri. Keti kidogo. Sitakuzuia kushona, wala sina ugomvi na hizo suti zenu za siku hizi zinazobana mpaka mtu akitaka kukaa anaomba dua kwanza. Ninalotaka kukwambia ni habari ya suti yangu ya kwanza, na kwa nini sikushona ya pili mpaka leo.

Mimi ni mtu wa Busisi. Siku hizi lipo daraja, unavuka soda yako ikiwa bado ya baridi. Zamani tulingoja kivuko, na kikikuacha unabaki pale Kigongo, ng'ambo ya pili, unatazamana na maji. Baba yangu alikuwa mvuvi. Kisha presha ya macho ikamchukulia nuru, jicho moja, halafu la pili, mimi nikiwa sijaanza hata shule. Mama alikuwa ameshafariki, na kaka zangu walikuwa ziwani. Nikabaki mimi, kitinda mimba. Basi baba akaweka mkono wake kwenye bega langu la kulia, tukaanza kutembea.

Tulitembea hivyo miaka yote ya utoto wangu. Tulikwenda kanisani, mnadani, na mwaloni wanakotua wavuvi, ambako alikaa mchana kutwa akishona nyavu za watu kwa kupapasa. Alikuwa mtu wa mwili, na goti lake moja lilikuwa bovu, kwa hiyo hakunishika tu, aliniegemea. Akitaka kutoka hakuniita kwa jina. Alisimama mlangoni akanyoosha mkono hewani, nami nikaja mbio kuingiza bega langu chini yake. Watoto wenzangu walinitania, wakaniita Fimbo. Nilipigana nao sana kwa sababu ya jina hilo, ingawa Mungu anajua, moyoni nililipenda.

Nilipokua nikapata kazi ya ukarani mjini Mwanza, nikapanga chumba Mkolani. Kule nyumbani akaja kukaa na baba binamu yangu Mabula, kijana mwenye subira. Lakini kila nilipokwenda kuwasalimia, baba alisikia sauti yangu uani, akasimama, akanyoosha mkono. Hata nikiwa mtu mzima mwenye ndevu. Mabula alikuwa akicheka, anasema, "Mwenye mali amerudi."

Kisha nikampata Suzana. Baba yake alikuwa mkaguzi wa shule, mtu aliyenyooka kama nguo iliyopigwa pasi, na nyumba yao ilikuwa na vitambaa vya kufuma hadi juu ya redio. Siku ya kujitambulisha aliniuliza mzee wangu anafanya kazi gani. Nikasema amestaafu uvuvi, macho yanamsumbua kidogo. Kidogo! Mtu aliyekuwa hajaona hata sura yangu ya ukubwani. Lakini ulimi ukishateleza mahali pazuri, mwanangu, unapenda kurudi palepale kuteleza tena.

Harusi ilipokaribia nikaenda kwa Fundi Salumu. Walikuwa familia ya mafundi cherehani tangu kwa babu yao, Waislamu wa mjini, mchanganyiko wa Waarabu na Wamanyema, na hapakuwa na mtu wa heshima Mwanza aliyevaa koti ambalo halikupita mikononi mwao. Mwenyewe alikuwa mtu wa maneno mengi, na aliyasema yote akiwa na pini mdomoni. Nilikuwa na hofu atazimeza.

"Shikamoo, fundi," nilisema.

"Marahaba, bwana harusi. Usiniambie, uso wako umeshasema. Simama hapa, pumua kama kawaida, usijikaze."

Akanipima kifua, kiuno, mikono. Alipofika mabegani akasimama. Akarudia. Akarudi nyuma, akaniangalia kwa jicho moja kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Kijana, uliwahi kuwa kuli bandarini?"

"Hapana, fundi."

"Basi bega lako la kulia limekwenda likizo. Limeshuka hili. Tazama mwenyewe."

Akanigeuza kwenye kioo kirefu. Mwanangu, nilikuwa sijawahi kujitazama mwili mzima. Kwetu tulikuwa na kipande cha kioo cha kunyolea ndevu tu. Nikaona kweli, bega moja juu, jingine chini, kama mzani wenye mawe upande mmoja. Na papo hapo nikajua nani alilishusha. Nilipaswa kulishika lile bega nikalibusu. Badala yake nikaona aibu, aibu ya mtu aliyeambiwa ananuka mbele ya wageni.

"Nilianguka nikiwa mdogo," nikasema.

"Pole. Lakini usiwe na shaka. Upande huu nitaweka pedi nene, ule mwingine nyembamba. Nitakupa mabega ya waziri. Hata aliyekuzaa hatajua."

Alisema kwa furaha ya kazi yake, simlaumu. Nami nikacheka.

Niliporudi kujaribu, koti lilikuwa limeshikizwa kwa uzi mweupe wa muda, bado halina bitana. Hata hivyo nilipojitazama nilimwona mtu mwingine. Mabega yake yalikuwa sawa kabisa, magumu, yamejaa. Ungedhani alizaliwa kwenye nyumba yenye vitambaa vya kufuma. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wazee walishayasema haya zamani, ila kijana aliye mbele ya kioo hasikii methali. Nilimpenda yule mtu wa kwenye kioo. Nikaanza kupanga harusi yangu kama harusi yake.

Nilimwambia Mabula amlete baba asubuhi na mapema, amketishe benchi la nyuma karibu na mlango, nikidai kwamba asije akachoka. Mabula aliniangalia. Na baba, alipoambiwa, alisema tu kwamba mlangoni kuna upepo mzuri.

Ibada ikaisha, tukatoka nje. Vigelegele, mchele, kina mama wanatandika khanga chini tupite juu yake. Mpiga picha akatupanga kwenye ngazi za kanisa, mimi na Suzana katikati, baba mkwe kulia kwangu na tai yake. Mabula alikuwa amevutwa kwenda kusaidia kubeba viti. Ndipo nikamwona baba. Alikuwa ameinuka kwenye benchi, amefuata sauti za watu, anakuja peke yake akiburuza goti lake, na mkono umenyooka hewani.

Watu walimpisha. Alipanda ngazi ya kwanza, ya pili, mkono ukanigusa kifuani, ukapanda, ukalifika bega la kulia. Ukatulia pale. Nakumbuka vidole vyake vikiminya. Vilikuwa vidole vilivyoweza kukuta tundu moja katika wavu mzima. Vikaminya ile pedi, vikapapasa kitambaa kile laini, na mimi nilikuwa nanukia marashi ambayo hakuwahi kuyanusa, nimevaa viatu vya kisigino vilivyonipandisha juu.

Baba akautoa mkono haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Samahani, bwana," akasema. "Nilidhani ni mwanangu."

Mwanangu, nilikuwa na neno moja tu la kusema. Mtoto mchanga analijua. Lakini baba mkwe alikuwa amegeuka kutazama, na mpiga picha akapaza sauti, "Bwana harusi, usisogee!" Nami sikusogea. Nikanyamaza. Baba akageuka, akashuka ngazi akitafuta kila moja kwa mguu, na mama mmoja tusiyemjua akamshika mkono akampeleka kivulini. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Mshindo wa kimya kile ninausikia mpaka leo nikiwa nakunywa uji.

Nilijidanganya kwamba nitamfuata baada ya picha. Baada ya picha kukawa na keki, baada ya keki kukawa na hotuba. Nilipokwenda kivulini nikaambiwa wageni wa Busisi wameshaondoka kuwahi kivuko. Picha ile ninayo. Utamwona mzee mmoja pembeni, amegeuka, mgongo tu.

Suzana alikuwa ameona yote. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alisema, "Nenda kesho." Sikwenda kesho. Niliona aibu, na aibu ikikuchelewesha siku moja, siku ya pili inakuwa nzito zaidi. Nilipokwenda hatimaye, nilivaa shati langu la zamani na kandambili. Nikasimama uani nikasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za mjini?"

Sauti yake ilikuwa ileile. Akasimama. Mimi nikakimbilia mlangoni kama nilivyokuwa nafanya tangu utoto, nikaingiza bega mahali ambapo mkono wake ungekuwa. Mkono haukuwapo. Ulikuwa umeshika fimbo ya mti wa mpera, mpya, aliyochongewa na Mabula. Akanipita taratibu, akaenda kukaa kwenye kigoda chake.

Nikalia. Nikamwambia kila kitu, kuhusu bega, kioo, pedi, na Fundi Salumu aliyesema hata aliyenizaa hatajua. Nikamwambia ni lile koti, baba, ni koti lililokufanya usinijue.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. Mabula alikuwa ameshamwambia siku ileile ya harusi, kwenye kivuko, kwamba yule aliyemwomba samahani alikuwa mimi.

"Koti halina mdomo, mwanangu," alisema. "Wewe ulikuwa nao."

"Nisamehe, baba."

"Nimeshakusamehe. Radhi yangu unayo, usiwe na hofu, zaa watoto wako kwa amani." Akapapasa fimbo yake. "Ila sitakushika tena. Siku ile niliona haya mbele za watu, nikajiona kama ombaomba. Fimbo hii ikinyamaza najua ni fimbo."

Ndivyo ilivyokuwa. Aliishi miaka mingine mingi. Nilikwenda na kurudi, nilimjengea chumba cha bati, nilimpeleka hospitali, wajukuu aliwapenda na walimpanda mgongoni. Kila safari nilisogeza bega langu karibu naye kama mtu asiye na habari, na kila safari alinizunguka kwa upole na fimbo yake. Aligonga mawe, akaanguka mara kadhaa, akainuka mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma yake nimekunja mikono. Watu husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Labda kwa wahunzi. Kuna vitu vikivunjika havina fundi, na usimsikilize anayekwambia muda unaponya kila kitu, maana huyo hajakaa na muda vya kutosha.

Siku ya kumzika tulibeba jeneza mabegani kutoka nyumbani hadi makaburini. Mimi nilishika kona ya mbele, nikaliweka kwenye bega la kulia. Hatukwenda mbali, jeneza likaanza kulalia upande wangu, kwa sababu bega lilikuwa bado limeshuka, na halijapanda hadi leo. Wenzangu wakasema, "Masanja, badilisha upande, linakuelemea." Nilikataa. Waliniona mkaidi. Hawakujua kwamba tangu siku ya suti, ile ilikuwa mara ya kwanza baba kuniegemea.

Sasa nimezeeka, niko Buhongwa na mikojo ya usiku na magoti yangu. Daraja limefunguliwa, na watu wanalisifu, nami nalisifu. Ila kwangu limepunguza njia ya kwenda kaburini tu. Hushuka basi pale Busisi nikaenda, nikasimama upande wa kichwa chake, nikasema lile neno nililolimeza kwenye ngazi za kanisa. Nalisema kwa sauti kabisa. Majani yanatikisika, basi, narudi zangu nyumbani. Maji yaliyomwagika hayazoleki, na mimi bado nayainamia.

Kwa hiyo nenda kwa fundi, mwanangu, shona suti, pendeza. Fundi akikuta mwili wako umepinda mahali, kabla hujamwambia aufiche jiulize ni nani aliupinda, na ulikuwa unamfikisha wapi. Ukiweza, nenda na mzazi wako siku ya kujaribu. Mwache alipapase hilo koti kabla ya wageni, alijue. Na kama siku hiyo kubwa mtu wako atakuja kwa watu wako wapya akiwa na kandambili, anaburuza mguu, anakutafuta kwa mkono, usingoje picha iishe. Picha itakaa ukutani; mkono ukiondoka haurudi. Usitegemee msamaha pia. Mimi nilisamehewa palepale, na haukunisaidia kitu.

Mungu akubariki, akupe ndoa yenye utulivu, akupe watoto, na mabega yako yasikose wa kuyaegemea. Na siku akikupapasa mtu asikujue, Mungu aufungue mdomo wako kabla mkono haujaondoka, useme, "Ni mimi, baba."