Nilimsingizia Mzee Dereva kwa Alamu Niliyoifunga Vibaya Mwenyewe

Nimekosa, ndugu zangu. Jina langu sitaji, naona aibu. Mimi ni fundi umeme wa magari, gereji yetu iko Bigwa, na aliyeumia kwa kosa langu ni mzee wa umri wa baba yangu.

Kulikuwa na mama mmoja wa Mlali mwenye Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ya kupeleka nyanya mjini. Aliniletea nimfungie alamu, ile ambayo gari likiguswa linapiga king'ora na injini inazima. Siku hiyo nilikuwa na magari mengine mawili yananisubiri, nikafunga harakaharaka. Nikajaribu rimoti, ikaitika. Mama akaondoka anacheka.

Mvua zilipoanza, balaa likaanza! Gari linatembea vizuri, ghafla king'ora kinalia na linazima katikati ya barabara. Nyanya zinaozea njiani, wateja sokoni wanahama. Mama akaja na dereva wake, mzee mpole aliyemwendeshea miaka mingi.

Nikapekua gari zima, sikuona kitu. Lilikuwa limekauka, likiwashwa linawaka. Mafundi wenzangu wamesimama wananitazama, na mimi ndiye ninayejiita bingwa wa alamu pale! Jamani, sifa zitaniua.

Mzee alipokwenda kunywa maji, mama akaniuliza, "Fundi, niambie ukweli, tatizo ni nini?"

Nikamwambia, "Mama, hizi nyaya kuna mtu anazichokonoa. Madereva hawapendi alamu, inawabana wasipige safari zao za pembeni. Muulize mzee wako."

"Mzee huyu? Hapana bwana!"

"Mimi ni fundi, mama. Naona mkono wa mtu hapa."

Nilikuwa sijaona chochote! Kesho yake mama alimnyang'anya mzee funguo pale sokoni, mbele ya wapagazi. Habari zikaenea Mlali nzima kuwa anahujumu gari la tajiri yake. Hakuna aliyempa gari tena.

Wiki chache baadaye Kirikuu ikarudi na dereva mpya. Tatizo lile lile! Bahati siku hiyo gari lilikuwa limelowa mvua. Nikafungua chini ya dashibodi, nikauona waya wa ethi, ule unaokazwa kwenye bodi ya gari. Niliukaza juu ya rangi, sikukwangua hata kidogo. Unyevu umeingia, kutu imekula, umeme unakatikakatika na alamu inachanganyikiwa. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na nililifanya mimi.

Nikakwangua, nikakaza upya. Hata chai yangu haikupoa.

"Ilikuwa nini?" mama akauliza.

Pale ndipo ningeweza kujiokoa. Nikajibu, "Namalizia kurekebisha alichoharibu yule mzee." Nakwambia, ulimi huu ningeukata!

Tangu siku hiyo sina raha. Nikishika waya wa ethi nakwangua bodi na kukwangua tena, mpaka wateja wanauliza kama naumwa. Alamu nimeacha kufunga. Mke wangu anadhani nina mwanamke, maana naongea peke yangu.

Mwezi uliopita nikasikia mzee yuko Dakawa, anaamia ndege kwenye shamba la mpunga la watu. Kazi ya watoto ile! Nikaapa nitakwenda kumwambia. Nikaenda kweli.

Nilimkuta juu ya kichuguu, anapiga debe, sauti imemkauka kwa kufukuza ndege. Nikamwita, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi wangu! Umenifuata mpaka huku?" Akashuka kwa furaha, akanipisha kivulini. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Najua wewe ulinitetea kwa mama. Fundi anajua gari, hawezi kusema uongo."

Nikainama.

Akaendelea kwa sauti ya chini, "Mwanangu, siku ukilijua tatizo la gari lile, uniambie. Maana siku hizi najiuliza, labda kweli niligusa kitu bila kujua. Uzee huu. Labda mama alikuwa na haki."

Jamani! Mtu asiye na kosa ameanza kujihukumu mwenyewe, na jibu lake ninalo mimi!

Nilimwambia, "Nitachunguza, mzee." Nikapanda pikipiki, nikaondoka. Nilimwacha anarudi juu ya kichuguu na debe lake.

Mafundi wenzangu, gari likikushinda, sema limenishinda. Watakucheka siku moja, na kesho watakuletea gari jingine. Usitafute mtu wa kumbebesha. Na nyie wenye magari, fundi akikwambia dereva wako kachokonoa nyaya, mwambie akuonyeshe huo waya. Mama yule hakuniambia nimwonyeshe. Aliniamini tu, na mzee naye ananiamini mpaka leo.