Mkono wangu kwenye koti la baba yake Neema

Aibu hii nimeikalia miaka miwili, na ningeendelea kuikalia kama watu wa Kalembe wasingekuwa wanaisimulia vibaya. Wao wanasema nilikuwa naiba. Wengine wanasema mambo mabaya kuliko kuiba, na hao ndio walionifanya niseme mwenyewe. Ukweli ni mdogo na wa kijinga kuliko maneno yao yote: nilikuwa natafuta gari la kuchezea, mimi, mwanamke mzima, mlezi wa wadogo watatu, mbele ya ukoo tuliokwenda kuuomba binti.

Sasa mtauliza gari la kuchezea linamhusu nini mtu mzima, na jibu linaanzia soko la Mushaki, kwa Mama Kavira, mfanyabiashara wa huko Butembo anayeuza nguo za chaguwa, yaani zile zilizokwisha kuvaliwa Ulaya. Mama yetu alipofariki (baba alikuwa ametangulia) niliacha shule nikiwa mwaka wa pili wa sekondari, na Mama Kavira akanipa kazi ya kufungua mabalo, yale marobota yanayokuja na nguo, kuzikung'uta, kuzipanga na kuzipiga pasi. Jaketi za watoto wa Ulaya huja na mifuko yake kama mwenyewe alivyoiacha, karatasi za pipi, tiketi ya basi, glavu moja isiyo na mwenzake, na mara chache sana kigari cha chuma, au vile vitofali vya plastiki vya kujengea ambavyo vinashikana vyenyewe bila gundi. Juma la kwanza nilimpelekea nilichookota. Alikiangalia, akanirudishia.

"Bya mu mufuko ni byako," aliniambia. "Mi nauzisha nguo tu."

Hapo ndipo nilipoharibika. Wengine wangewapa watoto wachezee, mimi nilianza kuvigeuza na kuviangalia chini. Nikajifunza kwamba magari ya zamani ni mazito, tumbo lake ni chuma kilichofungwa kwa ribiti na jina la nchi limegongwa pale, na mengine milango yake inafunguka. Na kwamba vitofali vya kale kabisa ni vitupu upande wa chini, havina vile vibomba vya siku hizi. Mdogo wangu Bahati alinionyesha kwenye telefone watu wa mbali wanaotafuta kitu kimoja kama hicho miaka na miaka. Mimi nilikuwa navyo ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda, hapa Karuba. Sijawahi kuuza hata kimoja (msiniulize kwa nini, hata wadogo zangu wamechoka kuniuliza).

Jambo moja zaidi lazima mlijue. Vitu vizuri havikai mfukoni. Mfuko hutoboka, kitu kinapita kwenye tundu, kinashuka kati ya kitambaa na bitana mpaka kwenye pindo la koti, na kinalala huko miaka bila mwenye koti kujua. Kwa hiyo mimi nikishika koti lolote naanza kwa kulibinya pindo. Vidole vinafanya hivyo vyenyewe, kabla sijafikiri.

Basi Bahati, ambaye ni seremala na ndiye anayenifuata kwa kuzaliwa, akampenda Neema wa Kalembe, na watu wa Neema wakasema vizuri, wazazi waje tuzungumze. Wazazi ni mimi. Nilimwomba Mama Kavira aniazime saa yake ya mkono, kubwa, ya chuma, ili nionekane mtu mwenye shughuli zake. Mimi na Bahati tukaenda kwa pikipiki mbili, matope mpaka magotini, tukabadili viatu nyuma ya nyumba ya jirani kabla ya kupiga hodi.

Nilikuwa naelekea kwenye benchi la wanawake. Baba yake Neema akaniita.

"Mama, kuya hapa karibu yangu. Leo uko papa ya kijana."

Heshima ile ya kuitwa baba wa kijana iliniingia mpaka mifupani. Ninawaambia, angeniacha na wanawake tusingefika hapa.

Alikuwa amevaa koti refu la sufu, la kijivu, la chaguwa kama makoti yote ya milima hii. Alipokaa, pindo liligonga mguu wa benchi, na nikasikia sauti ya chuma. Nikajiambia ni kifungo. Mzee alikuwa anaeleza habari ya barabara na mvua, mimi naitikia ndiyo Papa, kweli Papa, na vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kushuka. Nikabinya. Magurudumu manne. Nikabinya tena kwa ukucha, na ndani ya kitambaa mlango mdogo ukafunguka.

Nilishtuka mpaka nikaacha kuitikia.

Ningesema tu, "Papa, kuna kitu kimeanguka ndani ya koti lako," tungecheka na habari ingeisha. Lakini nilifikiri hivi (na kufikiri huku ndiko kulikoniponza): yeye hajui kama kipo, kwa hiyo si chake bado, nikimwambia, kitakuwa chake. Mfuko ulikuwa wazi pale ubavuni mwangu. Vidole viwili vikaingia, vikapata tundu, nikasukuma mkono, saa ya Mama Kavira ikapita kwenye tundu kwa ubavu, nikashuka mpaka pindoni, nikakishika. Nikavuta. Saa ikakataa kurudi.

Wakati huohuo katekista, aliyekuwa ameletwa kufungua mazungumzo, akasema, "Tusimame, tuombe."

Mzee akasimama. Na mimi nikasimama, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuwa mtu mmoja.

Watu wote walifumba macho. Maisha yangu yote nimelalamika kwamba makatekista wetu wanaomba maombi marefu, na siku ile nilimsihi yule moyoni asinyamaze. Aliwaombea wagonjwa. Aliombea mashamba na wasafiri. Mimi nazungusha mkono hivi, nauzungusha vile, bitana inazidi kujisokota kwenye mkanda wa saa, jasho linanishuka katika baridi ya Kalembe. Akaombea amani katika nchi yetu, nikajua amefika mwisho. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mzee akayumba, akasema "Amina" kabla ya wengine, akaangalia chini.

Kila mtu akafungua macho.

Mama yake Neema ndiye aliyenisemesha, polepole, kama mtu anayeuliza bei.

"Mama, unatafuta nini mu mufuko ya bwana yangu?"

Nikachagua kusema kweli, na kweli ilikuwa mbaya kuliko uongo wowote.

"Gari," nilisema.

"Gari gani?"

"Kagari kadogo. Iko mu bitana."

Kutoka benchi la wanawake, shangazi yake Neema akaiambia nyumba nzima, "Huyu amekuya kuombea ndugu yake bibi, ao amekuya kujiombea bwana?"

Mtu mmoja alicheka akaacha katikati. Mzee akajaribu kuvua koti, lakini koti lisingevulika bila mimi, likanigeukia kichwani, nikawa nimeinama chini yake kama kuku ndani ya kikapu. Shangazi akaleta mkasi. Nikasikia bitana inakatwa, mkono ukatoka, na hapo nikaona jambo ambalo linanishangaza mpaka leo: muda wote ule, katika maombi na katika aibu, ngumi yangu ilikuwa haijakiachia.

Kilikuwa cha bluu, paa jeupe, rangi haijachubuka. Mbele ya watu wote wale nikafungua mlango wake mmoja kuangalia kama unarudi vizuri.

Ulirudi.

Mzee alinyoosha mkono, akakichukua. "Hii koti nimeivaa miaka mbili," alisema. "Koti iko yangu, na bya ndani yake byangu. Mambo ya bibi haizungumzwe na muntu mwenye kutia mukono mu mufuko ya wengine. Muende. Mukuye na mukubwa mwingine."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Miaka yote niliyobeba mabalo ili wadogo zangu wale na wasome, sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mimi ndiye nitakayemfungia Bahati mlango. Neema alikuwa amesimama karibu na pazia, analia bila sauti. Nikaanza kutafuta viatu vyangu, na nilikuwa nimevivaa.

Bahati hakusogea.

"Papa, hatuna mukubwa mwingine," alisema. "Huyu njo mama, njo papa. Hii shati nimevaa ni yeye, hii kazi ya mbao nayo ni yeye. Ana huo ugonjwa wa vigari, ni kweli, tunaishi nao. Kama munamukatala yeye, na mi munanikatala."

Mkono ulionaswa ulinishtua, lakini maneno haya, kwamba mimi ndiye mama na ndiye baba, yalinishtua zaidi. Yule kijana hasemi maneno kumi kwa siku.

Mzee akasogeza meza katikati ya nyumba.

"Kama njo vile," aliniambia, "ukae mbele yangu. Mikono yulu ya meza, nione."

Nikakaa. Tulizungumza mambo yote ya posa hivyo, viganja vyangu vimelala juu ya kitambaa cha kufuma, na yeye akakiweka kile kigari katikati ya mikono yangu, makusudi kabisa, kikinitazama kwa taa zake mbili. Sikukigusa. Chakula kilipokuja, bugali na sombe ya majani ya muhogo na nyama, shangazi akauliza huyu atakula na nini.

"Mukono moja," mzee alijibu. "Ingine ibakie pale."

Hapo ndipo nyumba ilipocheka, na mama yake Neema akacheka kuliko wote, akaniongezea nyama. Kabla hatujaondoka tulikuwa tumepewa siku ya kurudi. Kigari kilibaki Kalembe.

Siku ya arusi kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma, wanaume wote wamejifunika makoti. Baba yake Neema aliingia kanisani na shati na tai tu, anatetemeka. Alipofika kwangu akainua mikono yote miwili juu, na kanisa zima likageuka.

"Koti nimeiacha kwa nyumba, mama," alisema. "Na mulango nimeifunga."

Tangu siku ile nimejiwekea sheria moja. Kazi bado ninaifanya, mifuko bado ninaipekua, kopo limejaa nimefungua la pili. Lakini mkono wangu hauingii kwenye koti lolote mpaka nimehakikisha hakuna mtu ndani yake.