Mstari Niliouficha Ambondrona

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nashika kichwa. Bwana mkubwa wa ofisi yetu ya kompyuta pale Tsaramandroso, Mahajanga, alisimama mbele ya watu akamsifu mwenzetu Zalifa. Na mimi nilimtangulia kazini miaka minne!

Tulikuwa tukitengeneza programu ya kuandikia wageni wa hoteli. Kompyuta za Mahajanga zilikuwa za aina moja, za hoteli ya Ambondrona kule kisiwani Nosy Be aina nyingine. Mimi nilikuwa na maelekezo mawili ya kuiunda programu, kila aina na yake, na mengine yamo kichwani mwangu. Zalifa akayakusanya yote katika faili moja: ukiliendesha, programu inatoka sawa kwa kompyuta zote. Wallahi lilikuwa zuri. Ndiyo maana liliniuma.

Nikatumwa Nosy Be kuiweka programu. Ikagoma. Nikagundua kuna kipande cha programu saidizi kinachokosekana kwenye kompyuta za kule. Dawa yake mstari mmoja tu katika faili la Zalifa, wa kukiongeza kipande hicho. Nikakiweka kipande kwa mkono, na mstari sikuuandika. Nikajisemea, acha wakikwama waniite mimi. Wazee husema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nayo, tena ya aibu.

Toleo jipya lilipopelekwa, likafunika la zamani pamoja na kipande changu. Hoteli imejaa, programu haifunguki, wageni wamesimama na mabegi yao. Bwana mkubwa akamwambia Zalifa kwamba mwisho wa mwezi kazi yake basi. Nami nipo palepale, sababu naijua, nainamia kompyuta yangu.

Siku ya tatu akaja mezani kwangu, macho mekundu.

"Kaka Madi," akaniambia kwa Kikomoro chetu, "nisomee. Kosa langu silioni."

Nikafungua faili lake. Juu kabisa, kwenye majina ya walioliandika, la kwanza lilikuwa langu. Lake chini.

"Si nilianzia kwenye maelekezo yako?" akasema.

Lo! Nikaenda naye kwa bwana mkubwa, nikasema yote. Zalifa hakunipigia kelele. "Ungekuwa hukujua, ningekusamehe leo leo," alisema. "Lakini ulijua." Nikauandika ule mstari mbele yake. Kazi yake akarudishiwa, ila tangu siku ile kila nilichoandika alikikagua mara mbili.

Basi, mwanangu, ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kinachoundwa na wengi kiandikwe pale wote wanapokiona. Dawa uliyoipata kwenye kompyuta moja, itie kwenye faili la wote siku hiyohiyo, kabla hujanywa maji. Usijivunie kusema "kwangu inafanya kazi". Kwako si kwa watu. Na ukimwonea mwenzio wivu, mwambie usoni kuwa kazi yake ni nzuri. Inauma, lakini inapita.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kuandika, na moyo usiouma mwenzio akisifiwa. Wangu hata leo bado unauma kidogo. Nami niombee.