Anofelesi Jike, Juu ya Dungu

Kila msimu wa kuamia ndege, darasa la mwalimu Yosefina, nje kidogo ya Ifakara, hubaki na madawati. Watoto huhamia mashambani na wazazi, hupanda madungu, huwapigia kelele kwelea wasile mpunga, kisha hurudi na vichwa vilivyofuliwa. Alichofundisha Machi, ikifika Julai hakuna aliyewahi kukutana nacho. Ila kelele za ndege hawazisahau.

Mwaka juzi Yosefina aliona asishindane nazo. Sayansi yote ya darasa la nne akaitia kwenye mwito wa dunguni.

"Nani analeta malaria?"

"Anofelesi jikeee!"

Mwalimu mkuu alikuja kuuliza kama kuna nyoka.

Aliyemlenga hasa ni Restuta, ambaye mama yake alikwisha kutoa hukumu: "Akifaulu, mwalimu, ndege nitaamia mwenyewe. Akifeli, dungu lake lipo." Restuta akawa anaitikia kuliko wote. Yosefina akalala usingizi.

Mtihani ukaja, na msimamizi wa kutoka shule nyingine. Ulipokwisha, Yosefina alimkuta Restuta penye bomba la maji.

"Lile la malaria umejibu nini?"

"Sijajibu, mwalimu."

"Si unalijua?"

"Nalijua. Msimamizi alisema kimya."

Yosefina aliitikia kwa kichwa. Alifikiri angeumia, akakumbuka tu kwamba hajanunua chumvi.

Matokeo yalipotoka hayakuwa na habari mpya. Mpunga ulipoanza kujaa, Restuta akaenda dunguni, na Yosefina akakodi bodaboda kumfuata. Alimsikia kabla hajamwona: "Nani analeta malaria? Anofelesi jikeee!" Kundi zima la kwelea likainuka.

"Shikamoo mwalimu," mama Restuta alisema, akinyoosha mgongo. "Umemfundisha vizuri. Ndege wote wamehamia kwa jirani."

"Marahaba. Nimekuja kumwomba arudi shule."

"Baada ya mavuno."

"Baada ya mavuno atakuwa amesahau."

"Huyu? Si unamsikia?"

Restuta aliitwa ashuke asalimie. Alisimama mbele ya mwalimu wake, mikono nyuma, kama darasani. Yosefina akainama, akamwuliza taratibu, karibu kwa kunong'ona:

"Nani analeta malaria?"

Restuta alimtazama. Midomo ilichezacheza, haikutoa kitu. Nyuma yake kwelea walianza kutua, mmoja mmoja.

"Mwalimu," mama yake alisema, "mruhusu apande."

Yosefina akamruhusu.