Kayongo Niliyoificha Kwenye Karai la Mboga

Mwanangu, kuna siku moja pale Kosele ambayo nikiikumbuka masikio bado yananiwaka. Ilikuwa miaka ya tisini, nimeolewa juzijuzi kutoka Sindo, na mambo ya shamba niliyajua kidogo kuliko mambo ya omena, dagaa wa ziwani kwetu. Lakini kushuku watu, hilo nilizaliwa nalo. Hata leo mtu akinipa kitu cha bure nakigeuza kwanza nione chini yake.

Shamba la mama mkwe wangu lilikuwa limevamiwa na kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linaloshika mizizi ya mahindi na kuyanyonya. Misimu miwili tulikuwa tumevuna magunzi tu. Mama akaenda mwenyewe kuwaomba watu wa utafiti waje kujaribu kwake. Wakaja na bwana shamba aliyeitwa Odongo. Kipande kimoja wakapanda mahindi pamoja na mmea fulani wa kutambaa. Cha pili wakapanda mahindi matupu, wakasema kayongo ikiota pale isiguswe kabisa. Jaribio likienda sawa, shamba lote la Mama lingepata mbegu za ule mmea msimu unaofuata.

Mimi nikaguna. Dawa unayo, halafu unaacha nusu ya shamba iliwe? Tena walikuwa wamechota udongo wakautia kwenye mifuko yenye namba. Udongo wa boma la watu unapelekwa wapi? Nikajiambia hawa wanataka kayongo ienee, kisha warudi kutuuzia hizo mbegu. Sikumwuliza mtu. Kila asubuhi nikienda kuchuma mboga nilipitia kile kipande cha pili, nikang'oa kila kayongo iliyochomoza, nikaiweka kwenye karai na kuifunika kwa mboga, kisha nikaichoma jikoni. Jinsi nilivyojiona mjanja!

Siku Odongo alipokuja kuhesabu, alichuchumaa kwenye kile kipande kwa muda mrefu.

"Nyar Sindo," akaniita, maana kwetu mke huitwa kwa jina la alikotoka, "hapa kayongo hakuna, lakini mahindi imedumaa, imekuwa njano. Inawezekana aje?"

Nikasema labda ni jua.

"Jua gani inachagua kipande moja?" Hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. "Kayongo inaiba chini ya udongo kabla hujaiona. Ukitoa maua umeficha mwizi, hujamfukuza. Hata hii mmea yetu haiui kayongo, inazuia tu. Tulitaka kujua inazuia kiasi gani. Sasa nitalinganisha na nini?"

Mama alikuwa akilitazama karai langu mlangoni. Ua moja la zambarau lilikuwa limechungulia kati ya mboga. "Ni wewe?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa, natamani ardhi ipasuke initie ndani.

Shamba letu likatolewa kwenye jaribio, mbegu zikaenda boma lingine. Msimu uliofuata Mama alivuna magunzi tena. Tulipokuwa tukiyapukuchua, mahindi yenyewe hayajai hata kibuyu, akaniambia taratibu, "Ungeniuliza tu. Hata mimi niliwashuku. Niliuliza hiyo udongo inaenda wapi, wakaniambia wanapima kama bado iko na nguvu. Wewe ulinyamaza." Nililia, mwanangu. Angenipigia kelele ningepona haraka.

Baadaye nimelikuta jambo hili kwingine. Mmoja wa watoto wangu aliposhikwa na homa nikamtuliza kwa tembe, nikadhani amepona, muuguzi akaniambia joto ndilo limeshuka, malaria iko palepale. Na hao watafiti sisemi ni malaika. Nasikia wapo wanaofungia kabatini majibu yasiyowapendeza, na mimi nikisikia hivyo namwona mtu na karai lake la mboga.

Kwa hiyo nakuambia, ukiambiwa kitu kimezuiwa, uliza kama kimekwisha au kimefichwa tu. Uliza anayekizuia ni nani, na anataka nini. Usiache kushuku, lakini shuku kwa sauti, mbele ya mtu anayeweza kukujibu. Mimi nilishuku kimya kimya, na aliyelala njaa ni Mama.

Nenda sasa. Nyasaye, Mungu wetu, akupe jicho kali na mdomo usioogopa kuuliza, na asikuache uvune magunzi kwa sababu ya kunyamaza.